Nakshi za leso zitoke Marikiti na jikoni mwetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe rai kuhusu kazi niliyoishika tangu ujanani, kazi ya kuchora nakshi za nguo. Rai yenyewe ni kwamba wachoraji wa leso, wapakaji hina, wasukaji mikeka na walimu wa sanaa wa hapa Mombasa wanaifuata nakshi mpya mbali mno, kwenye picha ambazo watu wengine wamekwisha kuzichora na kuzitia mtandaoni, ilhali chakula tunachokinunua, tunachokimenya na kukikata kila siku kimejaa mipangilio ambayo haijachoka na wala haijaguswa. Nazungumzia chakula cha kawaida kabisa: bamia, nazi, ndizi, kitunguu, nanasi, na changu mbichi kabla ya kuparwa magamba.

Katika jambo hili mji wetu hauanzi na ukurasa mtupu. Mtaa wa Biashara umeuza leso kwa zaidi ya karne moja, na duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake zinajulikana kote pwani kwa chapa ya Mali ya Abdulla, lilianzishwa mwaka 1887. Umbile la leso limebaki lile lile: pindo huzunguka pande zote nne, mji hukaa katikati, na jina huandikwa upande wa chini wa mji. Humo ndani ya pindo na mji ndimo korosho ilimokaa miaka yote hii, umbo lile lenye tumbo nene na ncha iliyojikunja. Umbo hilo lina jamaa zake Uajemi na Bara Hindi, na katika karne ya 19 lilifumwa kwa wingi kwenye shali za mji wa Paisley huko Scotland. Huku kwetu, ambako mikorosho iliyotoka Brazili kwa mkono wa Wareno ilistawi hadi ikawa zao la Kilifi na Kwale, kila mwanamke anaitambua korosho kwenye leso kabla hajasoma jina. Basi kitu cha kuliwa kimekwisha kuthibitika kuwa kinaweza kubeba nguo za vizazi vingi. Ninachouliza ni kwa nini tuliishia kwenye korosho.

Nisieleweke vibaya: leso zenye picha za vyakula zipo tele. Utaona nanasi, utaona embe, utaona hata matunda ya nchi za baridi ambayo hayauzwi katika soko letu la Marikiti. Lakini tunda hilo limebandikwa tu juu ya kitambaa. Picha imechukuliwa mahali fulani pamoja na kivuli chake, ikakuzwa au ikapunguzwa, ikarudiwa kwa safu zilizonyooka, na ilipofika kwenye pindo ikakatwa katikati bila kujali kilichobaki nje. Anayeitazama leso hiyo huona tunda, akamaliza, na jicho halina pa kwenda tena. Nakshi huanza pale mchoraji anapolisahau jina la tunda na kuuliza limepangwaje: sehemu zake ni ngapi, zinaegemeana vipi, nini kinajirudia na kwa hatua gani, na nafasi tupu imeachwa wapi.

Chukua nanasi. Kila jicho la nanasi lilikuwa ua, na tunda moja hutokana na maua mengi, mara nyingi zaidi ya mia moja, yaliyoungana yakawa kitu kimoja. Macho hayo hayakupangwa kwa safu za mlalo. Ukiweka kidole juu ya jicho moja, ukafuata jirani yake kwa mshazari, utalizunguka tunda huku ukipanda. Ukirudi na kuufuata mshazari wa upande wa pili, utalizunguka kwa mwinuko ulio mkali zaidi. Tia alama ya wino kwenye kila mstari kisha uhesabu. Kwa kawaida utapata mistari 8 upande mmoja na 13 upande wa pili, na iko jamii ya tatu ya mistari iliyokaribia kusimama wima, ambayo mara nyingi huwa 21. Nambari hizi ni za mfululizo ambao kila nambari ni jumla ya mbili zilizoitangulia, na huko Ulaya zilienezwa na Leonardo wa Pisa, maarufu kwa jina la Fibonacci, mwaka 1202. Wataalamu wa arudhi, yaani kanuni za ushairi, wa Bara Hindi walikuwa wamezifikia kabla yake, walipokuwa wakihesabu njia zote za kupanga silabi ndefu na fupi katika mshororo, jambo ambalo naamini litawapendeza wapenzi wa ushairi miongoni mwa wasomaji wako. Sababu yake ndani ya mmea ni ya ukuaji tu: kila chipukizi jipya hujitokeza kwa pembe ya takriban nyuzi 137.5 kutoka kwa lililotangulia, na kwa hivyo hakuna linaloota juu ya jingine moja kwa moja.

Sasa tazama faida yake kwa mchora leso. Jicho la nanasi lina pande sita kwa sababu limebanwa na majirani zake katika mielekeo yote mitatu. Mchoraji akichora pembesita, akaziegemeza kwa mshazari kama zilivyo kwenye tunda na kutia kitone kidogo katikati ya kila moja, atapata mji wa leso usio na juu wala chini. Leso hiyo itafungwa kiunoni, itatandwa kichwani, itambeba mtoto mgongoni, na nakshi haitaonekana imepinduka. Hakuna anayeitazama atakayesema kwamba hilo ni nanasi, na wala hahitaji kusema hivyo. Mpangilio umefanya kazi yake.

Jambo jingine ambalo vijana ninaowafunza hulishangaa kila mara ni uzito wa upande ambao kisu kinaingilia. Kitunguu kikikatwa kwa upana wake hutoa miduara iliyo ndani ya miduara. Kikikatwa kuanzia shinani hadi kichwani hutoa makuba yaliyofunikana, yenye ncha juu. Papai likikatwa kwa upana huonyesha tundu la mbegu lenye pembe tano, na likikatwa kwa urefu huonyesha umbo la mashua lililojaa mbegu katikati. Hapo mchoraji amepewa nakshi mbili za nasaba moja. Akiiweka moja kwenye pindo na nyingine kwenye mji, nguo itashikamana bila yeye kulazimisha, kwa kuwa vyote viwili vimetoka katika kitu kile kile. Tatizo ambalo nimeliona katika leso nyingi mpya ni pindo na mji visivyojuana, na nadhani dawa yake ya karibu iko kwenye ubao wa kukatia mboga.

Kisha ziko hesabu za koo. Ndizi ikikatwa kwa upana huonyesha sehemu tatu zinazokutana katikati. Ganda la iliki lina vyumba vitatu. Nazi iliyofuliwa ina macho matatu, na moja kati ya hayo ni laini, ndilo ambalo chipukizi hupitia. Hili si jambo la bahati: mgomba, mmea wa iliki na mnazi ni wa kundi la mimea ambayo mbegu zake huchipua kwa jani moja la kwanza, na maua ya kundi hilo hupangwa kwa tatu tatu. Bamia, papai na birimbi ni za kundi jingine, ambalo maua yake hupenda hesabu ya tano au ya nne. Birimbi na bamia zikikatwa hutoa nyota, na ya bamia kwa kawaida ni ya vyumba vitano, ingawa ziko bamia zenye zaidi. Karafuu, iliyo ya kundi hilo hilo, imechukua nne: tazama kichwa chake kikavu uone meno manne yaliyokishika kidonge cha katikati. Mpakaji hina anayetafuta ua dogo la kuweka kwenye kila kifundo cha kidole hahitaji simu. Karafuu moja kutoka kwenye kopo la viungo inamtosha. Na mchoraji aliyeyajua haya hatachora ndizi yenye vyumba vinne. Wachache watalijua kosa hilo kwa jina, lakini mtu aliyekata ndizi maisha yake yote ataona kuna kitu hakikai sawa.

Mipangilio mingine inatoka baharini. Magamba ya samaki hupangwa kwa safu zinazopishana, kila gamba likifunika mahali ambapo mawili ya safu nyingine yanakutana, na kwa mpangilio huo huo makuti huzuia maji kupita. Safu zilizopishana nusu kwa nusu huficha mistari ya wima na ya mlalo ambayo jicho hukimbilia kuihesabu, na kwa hivyo kitambaa huonekana kimejaa ingawa umbo lililotumika ni moja tu. Pweza naye ana somo la pembeni mwa leso, mahali ambapo wachoraji wengi hushindwa. Kila mkono wa pweza una vikombe vya kunatia vilivyopangwa safu mbili, na vikombe hivyo hupungua ukubwa kadiri vinavyoelekea nchani. Pindo linapofika kwenye kona, mchoraji akipunguza umbo lake hatua kwa hatua namna hiyo, anaweza kugeuza kona bila kukata chochote.

Halafu kuna kazi ya mikono ya wapishi wenyewe, ambayo kwa maoni yangu imedharauliwa kuliko yote. Anayefunga sambusa huukunja ukanda wa manda pembe tatu juu ya pembe tatu. Ukiufungua ukanda huo taratibu kabla haujatiwa nyama, utakuta mikunjo imechora mistari inayokwenda huku na kurejea kule, ile ile ambayo msukaji wa miyaa huitafuta anapotia rangi ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka. Chuma cha vitumbua chenye vishimo saba huwa na kimoja katikati na sita pembeni, na hesabu hiyo haiwezi kuwa nyingine, kwa sababu miduara sita ya ukubwa mmoja ndiyo inayoenea kuuzunguka wa saba kwa kugusana, bila kupungua wala kuzidi. Mkata kashata hupitisha kisu kwa mistari iliyonyooka, kisha hukipitisha kwa mshazari, na sinia nzima hugawika vipande vya umbo la uru. Donge la chapati huviringishwa likawa konokono kabla ya kusukumwa, na konokono huyo hubaki ndani ya tabaka hata baada ya kuiva. Wanawake wa mji huu wamekuwa wakigawa miduara na kujaza nafasi kwa maumbo yanayorudiwa kila asubuhi ya Ramadhani na kila jioni ya arusi, na bado tunasema kwamba hatuna wabunifu.

Kuhusu rangi nitasema jambo moja tu. Katika sinia la biriani, wali mwingi ni mweupe, sehemu yake ni ya manjano, punje chache ni za rangi ya chungwa, na juu kabisa kuna vitunguu vilivyokaangwa vikawa kahawia ya kuiva. Rangi zile hazikugawana nafasi sawa kwa sawa, na uzuri wake umetoka hapo. Leso nyingi za siku hizi hutumia rangi nne zilizogawiwa kwa usawa, zikashindana hadi hakuna iliyoshinda.

Kuna atakayesema kwamba nakshi halisi ya Mswahili ni ile ya milango ya Mji wa Kale na kwamba jikoni si mahali pa kutafutia sanaa. Naiheshimu milango hiyo na nimeikalia mbele nikiichora. Kwa kuwa mafundi wake kwa kawaida waliepuka kuchonga viumbe wenye roho, walijikita kwenye majani, mizabibu, maua na maumbo ya hesabu, wakalipunguza kila ua hadi likabaki duara na petali zilizolingana. Hicho ndicho ninachoomba tukifanye na bamia. Makomamanga yalijaa kwenye mahameli ya Waturuki wa dola ya Uthmaniya na kwenye hariri za Italia, na nchini Uingereza William Morris alichora mwaka 1883 mojawapo ya nakshi zake mashuhuri baada ya kuwaona ndege wakiiba stroberi katika bustani yake. Watu hao walitazama kilichokuwa karibu nao. Sisi tukizinakili stroberi za Morris tutakuwa tumechukua matunda yake na kuliacha jicho lake.

Wapo pia watakaoona kwamba kuchezea chakula ni israfu, na hoja hiyo naichukua kwa uzito kwa sababu nimelelewa hivyo hivyo. Lakini kazi hii haihitaji chakula kinachofaa kuliwa. Bamia iliyokomaa hadi ikawa ngumu, ambayo hakuna mpishi atakayeinunua, ndiyo muhuri bora kuliko bamia changa, kwa kuwa kuta zake hazilegei zinapochovywa kwenye rangi. Shina la kitunguu ambalo hutupwa, ganda la nanasi na kichwa cha ndizi mbichi vyote vinatosha. Mwalimu akienda Marikiti au Kongowea jioni, wakati wachuuzi wanapochagua vilivyoharibika, atapata vifaa vya darasa zima kwa bei ndogo sana au bila malipo.

Nawataja walimu kwa makusudi. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 unamtaka mtoto aguse, atende na abuni, na uundaji wa ruwaza ni miongoni mwa mambo anayofundishwa katika sanaa. Ninachokiona katika madaftari mengi ni nyota na mioyo iliyonakiliwa kutoka ubaoni, huku wazazi wakilalamikia gharama ya vifaa. Mtoto akate bamia, aichovye, aigonge karatasini, kisha ajifunze kuifanya iwe nakshi inayoendelea. Njia yake si ngumu, na ndiyo tuliyoitumia sisi kabla ya kompyuta. Achore katikati ya karatasi ya mraba bila kugusa kingo. Aikate karatasi wima katikati, abadilishane nafasi za nusu hizo, ile ya kushoto iende kulia, kisha aziunganishe kwa gundi upande wa nyuma. Aikate tena kwa mlalo na afanye vivyo hivyo kwa nusu ya juu na ya chini. Sasa michoro yake imehamia pembeni na katikati pamebaki pengo. Alijaze pengo hilo. Karatasi hiyo ikinakiliwa na kupangwa upande kwa upande, kingo zitakutana zenyewe na hakuna atakayeona ilipoungwa. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuifanya kazi hiyo, na siku atakapoiona nakshi yake ikiendelea bila mwisho, ataelewa leso kwa namna ambayo maelezo yangu hayawezi kumpa.

Kwa wafanyabiashara wa Mtaa wa Biashara nina ombi ambalo pia lina maslahi yao. Nakshi iliyonakiliwa mtandaoni haina mwenyewe anayeweza kuitetea, na mshindani atainakili wiki inayofuata akaiuza kwa bei ya chini. Nakshi mpya iliyobuniwa hapa inaweza kusajiliwa kama muundo wa viwandani kwenye KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya inayosimamia mali ya viwanda, na chini ya sheria ya mwaka 2001 usajili huo hulinda kwa miaka 5, na unaweza kuongezwa mara mbili. Mwenye duka akimlipa mchoraji wa mtaa wa Majengo au wa Likoni kwa mchoro wa asili, akauandikisha na kumtaja mchoraji huyo kwenye karatasi inayofungiwa leso, atakuwa na bidhaa ambayo haipatikani kwa mwingine. Najua kwamba leso nyingi huchapishwa ng'ambo na kwamba agizo dogo ni ghali. Hata hivyo, mchoro wenyewe unaweza kutoka hapa ijapokuwa mashine iko India au China, na kati ya gharama zote za kuitengeneza leso, sidhani kama malipo ya mchoraji ndiyo yanayomuumiza mwenye duka.

Kwako, Mhariri, ombi langu ni dogo. Katika kurasa zenu za shule, tengeni robo ya ukurasa katika kipindi cha likizo, mchapishe nakshi zilizochorwa na wanafunzi wa pwani kutokana na vyakula vya nyumbani kwao. Mraba wa sentimita 20 kwa 20, wino mweusi kwenye karatasi nyeupe ili uchapishike vizuri, unatosha. Kila mchoro uambatane na maelezo mafupi ya kitu kilichokatwa na upande ambao kisu kilipita, ili msomaji aweze kuhakiki jikoni mwake. Mimi niko tayari kusaidia kuichambua michoro hiyo bila malipo, na nawajua mafundi wenzangu wa hina na wa kofia za vito watakaokubali kufanya hivyo pamoja nami.

Wako mwaminifu,
Fundi wa nakshi,
Mji wa Kale, Mombasa